Kabati la Mvinyo na Pumzi ya Mzee Yusuf

Nina hasira za karibu. Jambo hili nimelikana maisha yangu yote ya kazi. Nililikana mbele ya wakubwa, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya kikao cha nidhamu ambako, nikieleza kwa upole jinsi nilivyo mtulivu, niligonga meza hadi chai ya katibu ikamwagika. Sasa nimestaafu kabla ya wakati, kwa sababu magoti yamekataa kuinama nyuma ya friji za watu, na sioni faida ya kuendelea kukana. Ninyi vijana mliobaki karakanani mlikuwa mkiniita Kompresa nyuma ya mgongo wangu, ati nawaka bila kutangaza na huchukua muda kuzima. Nilijua. Jina lenyewe lilinikasirisha, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yenu.

Mmeniomba niwaandikie yale niliyojifunza. Habari za kupandishwa cheo sitaandika, kwa kuwa hazikunifundisha kitu, na za mshahara sitaandika kwa sababu hiyo hiyo. Nitaandika juu ya sensa moja ya kupimia joto ya kabati la mvinyo katika hoteli fulani nje kidogo ya Nanyuki, na juu ya mzee aliyekaribia kupoteza jina lake kwa ajili ya sensa hiyo. Lakini kwanza niwaeleze nilikotoka, mtu asije akadhani nilizaliwa nikiwa na mita mkononi.

Nilifika karakana yetu ya Nyeri na shahada ya fizikia na viatu vya kisigino. Fundi Macharia, ambaye wengi wenu hamkumkuta, alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata mwezi wa pili, jua likiwa kali. Aliniuliza nimesoma nini. Nikamweleza habari za joto, jinsi linavyohama kutoka kitu hadi kitu, na kanuni zake zote kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akanipa tochi na kuniambia nimulike. Nilimulika msimu mzima. Ukitaka kujua kama mtu ataweza kazi hii, mpe tochi uone kama anamulika pale fundi anapotazama au pale yeye mwenyewe anapotaka kutazama. Mimi nilimulika nilikotaka, na nilikaripiwa kwa Kigikuyu cha aina ambayo hawakutufundisha kanisani.

Siku yangu ya kwanza nje ya karakana tulikwenda Endarasha, kwenye tangi la wakulima la kupozea maziwa. Maziwa yalikuwa yamechacha. Wakulima walisimama uani na mitungi yao, na mwenyekiti wao alikuwa ameshampata mkosaji: bawabu. Alisema bawabu alichomoa mashine ili achaji simu. Bawabu mwenyewe alikuwa amekalia begi lake, ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Macharia hakuuliza mtu. Alitoa mkobani themosi ambayo haikuwahi kutiwa chai. Ndani yake mlikuwa na barafu iliyopondwa na maji kidogo.

Kwa wasio mafundi watakaoyasoma haya, sensa ni kitu kidogo, kama punje ya mchele iliyovalishwa plastiki, chenye nyaya mbili. Kikipata joto hupitisha umeme kwa wepesi. Kikipata baridi huubana. Mashine haijui baridi wala joto. Inajua tu kama umeme umepita kwa wepesi au kwa shida, na kwa habari hiyo moja inaamua iwashe kompresa, ile injini inayoleta baridi, au iizime. Ukitumbukiza sensa nzima katika barafu inayoyeyuka, mita lazima ikupe jibu la nyuzi sifuri. Ikikupa jibu jingine, sensa inadanganya. Ile ya Endarasha ilidanganya, maana panya alikuwa ameitafuna. Tukaibadilisha, tangi likapoa, wakulima wakaenda zao. Hakuna aliyemwambia bawabu neno. Alifungua begi lake mwenyewe, akatoa rungu, akarudi langoni.

Garini nilimuuliza Macharia mbona mwenyekiti hakumwomba yule mtu msamaha. Akasema sisi tumeitwa kwa ajili ya maziwa. Nilimheshimu mzee huyo kuliko mwalimu yeyote wa chuo kikuu, na karibu yote ambayo mikono yangu inayajua aliiachia yeye. Lakini neno hilo sikulikubali siku ile, na leo pia silikubali.

Silikubali kwa sababu nililiona jambo lenyewe likirudiwa kila nilipokwenda. Mwenye bucha Gakindu nyama ikimharibikia, mkata nyama ndiye aliyeacha mlango wazi. Muuza samaki Sagana barafu ikimwishia, mke wa mwanawe ndiye aliyechezea swichi. Nimefungua friji za watu wa kila dini na kila chama, na sijakutana na mteja aliyeanza kwa kusema huenda mashine ndiyo imeharibika. Wote huanza na mtu, na mtu huyo kila mara ni yule asiyeweza kuwajibu. Nadhani ni kwa sababu mashine waliinunua, na mtu walimpata bure.

Sasa hoteli. Ilikuwa ya wapanda mlima na ya harusi za watu wa Nairobi. Kabati la mvinyo lilijengewa ukutani: mlango wake wa kioo ulitazama baa, mgongo wake ulikuwa ndani ya stoo. Wafanyakazi waliliita friji ya waini. Mtunza stoo alikuwa Mzee Yusuf, Mwislamu wa mtaa wa Majengo pale Nanyuki. Babu yake alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini, nyanya yake alikuwa Mkikuyu wa hapa hapa, kwa hiyo alinisalimia kwa Kigikuyu safi kabla ya kuhamia Kiswahili kilichonifanya nijione sikupita shule. Kwa utundu wangu nilimuuliza Mwislamu anafanya nini na ufunguo wa mvinyo.

"Natunza pia sumu ya panya," akasema, "na hakuna aliyewahi kuniuliza kama naila."

Baadaye alinieleza bila mzaha kwamba aliomba kabati hilo apewe mtu mwingine, na meneja akakataa. Watunza stoo waliomtangulia walikuwa wakilitembelea kabati hilo zaidi ya wageni. Yeye alipewa ufunguo kwa sababu hanywi. Tafadhali likumbukeni hilo, kwa sababu hoteli ililisahau.

Niliitwa mwezi wa saba, wakati ambapo huku kwetu ukungu unashuka ukakaa, na nguo iliyofuliwa Jumatatu inavaliwa Ijumaa ikiwa bado mbichi. Hata hivyo nilikwenda siku ya jua. Hiyo haikuwa bahati. Wipa ya gari letu ilikuwa imekufa, na bosi wetu aliamua kwamba ni nafuu kungoja jua kuliko kununua wipa. Wateja wote wa upande wa Nanyuki walitembelewa kukiwa kukavu.

Meneja, Bwana Kamande, kijana nadhifu aliyesomea mambo ya hoteli na anayetembea kana kwamba sakafu ni yake, alinionyesha chupa. Zile za safu ya chini, upande wa nyuma, zilikuwa zimetokeza vizibo kama ndimi. Karatasi za mdomoni zilikuwa zimepasuka, mvinyo ulikuwa umechuruzika, na chupa kadhaa zilikuwa zimepungua. Kizibo kimoja kilikuwa kimetoka kabisa na kulala chini ndani ya kabati. Nilikitia mfukoni, nina tabia ya kuokota vitu. Namba iliyowaka juu ya mlango ilisema kumi na mbili, na kipimajoto changu cha kioo kikakubaliana nayo. Nikazunguka hadi stoo, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaitumbukiza sensa kwenye themosi yangu ya barafu. Mita ikajibu sifuri. Njiani mwa waya niliona kiungo. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameukata waya, akauunga kwa kuusokota tu na kuuzungushia tepu nyeusi, bila kulehemu, bila mpira wa kuzuia maji. Niliguna. Hapo ndipo shahada yangu ilipolala usingizi: nilikidharau kile kiungo badala ya kukishuku.

Meneja akasimama mlangoni mwa stoo. "Madam, hii kitu iko sawa ama haiko sawa?"

Nikamwambia sensa iko sawa leo, lakini ningependa kurudi nilichunguze kabati lenyewe kwa muda mrefu zaidi. Sikufika mwisho wa sentensi. Alisikia neno "sawa" akaondoka nalo.

Aliwaita jikoni wapishi, wahudumu na waosha vyombo, na Mzee Yusuf akasimamishwa katikati yao, kando ya meza ya kukatia mboga. Nilifuata nikiwa bado na bisibisi mkononi, bila kuelewa kinachoendelea.

"Fundi amesema mashine iko sawa," meneja akatangaza. "Kama si mashine, ni mtu. Na ufunguo iko na mtu mmoja."

Mzee Yusuf akasema hajafungua chupa yoyote.

"Basi pumua."

Mzee hakuelewa. Sidhani kuna aliyeelewa. Meneja akasogea, yeye ambaye umri wake ni wa kuwa mwanawe, akaweka uso wake mbele ya uso wa mzee na kungoja. Na Mzee Yusuf, mbele ya watu waliozoea kumwita baba, akafungua mdomo, akapumua. Meneja akanusa. Kisha akanusa tena, polepole, kama mtu anayechagua nanasi sokoni. Mwanamke mmoja karibu na sinki alicheka, nadhani kwa woga.

Nilisema. Nilisema mengi na kwa sauti, na kwa kuwa nilishika bisibisi, baadaye ilidaiwa kwamba nilitishia. Nilisema sikusema mashine iko sawa, nilisema sensa iko sawa leo. Nilisema kama kuna chuo kinachofundisha watu kunusa wazee, kingefaa kufungwa. Meneja akasema harufu kweli hajaisikia, lakini mtu anaweza kufungua chupa bila kunywa, anaweza kuuza, anaweza hata kumwaga tu kwa sababu dini yake haipendi. Kwa hiyo kama mzee alinuka ni mwizi, na kama hakunuka ni mhujumu. Nimesoma mantiki kidogo chuoni, na sikukutana na ya namna hiyo. Mzee Yusuf akaambiwa aache ufunguo, akae nyumbani mpaka "mambo ichunguzwe." Akauweka ufunguo juu ya meza ya mboga, akatoka. Hakunitazama, na ingekuwa nafuu kwangu kama angenitazama.

Nilirudi Nyeri nikiongea peke yangu garini. Nilisimama Naro Moru ninunue viazi, na nilipotia mkono mfukoni nikakutana na kile kizibo. Nikakigeuza. Kizibo kilichotolewa na mtu huwa na shimo katikati, pale kizibuo kilipopenya. Hiki hakikuwa na shimo. Kilikuwa laini juu, laini chini. Hakuna mkono uliokivuta. Kilisukumwa kutoka ndani. Na kinachoweza kusukuma vizibo vya safu nzima kwa mpigo mmoja, tena safu ile iliyo karibu na bomba la baridi, ni mvinyo wenyewe ukiganda.

Basi kabati lile liligandisha chupa siku ambazo sikuwepo, na nilipofika likawa na adabu. Nilimpigia meneja simu. Akanijibu kwamba mashine iko sawa, nilisema mwenyewe mbele ya mashahidi. Nikamwomba bosi wangu ruhusa ya kurudi. Akasema tutarudi jua likiwaka. Nilisimama pale uani mwa karakana nikimtazama, na ndipo nilipogundua kwamba kabati lile halijawahi kupimwa na mtu siku ya mvua. Kama mashine inakosea nisipokuwepo, ilinibidi niwepo siku ambayo hakuna anayenitarajia.

Nilichukua gari siku ya mvua bila ruhusa. Nikaendesha mkono mmoja ukiwa nje ya dirisha na kitambaa, nikipangusa kioo, polepole kiasi kwamba mwenye mkokoteni wa punda alinipungia. Msifanye hivyo. Nilifika asubuhi, na badala ya kungoja mlinzi wa langoni atangaze jina langu, nilipitia mlango wa jikoni hadi stoo.

Nyuma ya kabati la mvinyo, juu ya vile vyuma vyeusi vinavyotoa joto, kulikuwa na sweta. Sweta za sufu, makoti, skafu, soksi, zote zikitoa mvuke na kuchuruzika. Mtu aliyekulia upande huu wa mlima hahitaji kuelezwa. Watu wa zamu ya asubuhi hutoka mashambani Kieni kwa miguu na kwa pikipiki ndani ya ukungu, na hufika wamelowa hadi ngozini. Kila chumba cha mgeni kina mahali pa kuota moto. Mwosha vyombo hana hata msumari wa kutundika sweta. Na nyuma ya friji kuna joto ambalo halina mwenyewe. Hata nyumbani kwetu soksi za shule zilikauka hivyo. Mlinzi wa langoni alipopiga simu kusema meneja anaingia, au fundi anaingia, nguo ziliondolewa, na kila aliyeingia alikuta stoo safi.

Maji yalikuwa yakidondoka juu ya ile tepu nyeusi. Nikaenda upande wa baa. Namba juu ya mlango ilisema kumi na nne, na kompresa ilikuwa ikiunguruma bila kupumzika. Nikaweka kipimajoto changu nyuma ya chupa za chini, na kikashuka hadi chini ya sifuri. Maji yaliupa umeme njia ya mkato kati ya nyaya mbili, mashine ikaamini kuna joto, ikapoza. Na hata ilipopoza kupita kiasi iliendelea kuambiwa kuna joto. Tepu ilishika maji kama sifongo mpaka siku ya jua. Siku ya jua ilikauka, namba ikasema kweli, na nami nikaja na themosi yangu.

Niliporudi stoo nilimkuta mwanamke mlangoni, yule aliyecheka karibu na sinki. Aliitwa Muthoni, mwosha vyombo, na alikuwa amekumbatia sweta yake iliyolowa.

"Madam, tafadhali usiseme ni nguo," akasema. "Meneja alikataza. Ati akipata nguo hapa, mwenyewe anaenda nyumbani. Mimi niko na watoto."

Nikamuuliza kama Mzee Yusuf alijua.

"Si ni yeye alituruhusu. Alisema hawezi kukaa kwa stoo iko na joto na sisi tunatetemeka. Hata siku ile alifukuzwa tulitaka kusema tunawekanga nguo. Akatuambia tunyamaze, hiyo haihusiani na waini."

Hakujua kwamba inahusiana. Wao pia hawakujua, na mimi niliyekuwa nalipwa kujua nilikuwa nimeguna tu. Nimekwisha kuwaambia nina hasira. Asubuhi hiyo niliigawa kwa zamu: kwa fundi wa tepu, kwa bosi wa wipa, kwa mzee na ukimya wake, na kwa mtu aliyejenga hoteli mahali penye baridi kama hii akakumbuka mvinyo upate joto lake sawasawa, asikumbuke watu. Nikamwambia Muthoni aondoe nguo zote, kisha nikaenda kumwita meneja.

Sikumweleza, nilimwonyesha. Nilibandua tepu, nikakausha nyaya kwa kitambaa. Namba juu ya mlango ikaporomoka, ikapita kumi, ikapita sifuri, na kompresa ikanyamaza. Nikaomba kijiko cha maji jikoni, nikayatonesha kwenye nyaya. Namba ikapanda tena hadi kumi na nne, kompresa ikaamka. Nikakausha, ikalala. Nikatonesha, ikaamka. Niliendelea mpaka aliposema ameona. Ndipo nikampa kile kizibo na kumwomba anionyeshe shimo.

Wapishi walikuwa wamejaa mlangoni. Meneja alikigeuza kizibo mara kadhaa, kisha akauliza, "Na hiyo maji imetoka wapi?"

Nikamwambia waya uliofungwa inavyotakiwa haujali maji yametoka wapi. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka. Katika haraka yake, Muthoni alikuwa ameangusha skafu. Meneja akaiokota ikidondoka maji.

"Hii ni ya nani?"

Akaiinua ili walio mlangoni waione.

"Nusa," nikamwambia. "Si ndiyo njia yako."

Meneja akaitandaza ile skafu juu ya gunia la mchele, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akatoka. Hakufukuza mtu kwa ajili ya nguo. Sisemi ilikuwa huruma. Nadhani aliona kwamba akiuliza tena, jikoni nzima itampa jibu langu. Nikazilehemu zile nyaya, nikazivalisha mpira, kisha nikapigilia misumari kwenye ukuta wa pili wa stoo, karibu na bomba la maji moto, kwa ajili ya sweta. Kazi hiyo hakuna aliyeniagiza.

Mngedhani yaliishia hapo. Friji ilikuwa imepona na ukweli ulikuwa umeonekana. Nilipita Majengo siku chache baadaye kumpa Mzee Yusuf habari, nikakuta anazo. Hoteli ilikuwa imemtumia ujumbe arudi kazini, apitie lango la nyuma, "bila maneno mingi." Naye amekataa.

Kwanza nilimgombeza kwa ajili ya sweta. Nikamuuliza mbona hakunieleza habari za zile nguo siku ya kwanza.

"Uliniuliza habari za friji, fundi. Hukuniuliza habari za nguo."

Kisha nikamuuliza mbona anakataa kazi yake mwenyewe. Akanimiminia chai. Akasema habari ya kunuswa ilifika mjini kabla yake. Sokoni kwa ng'ombe, ambako ukoo wake wote umefanya biashara, vijana humuuliza, "Mzee, leo ni nyekundu ama nyeupe?" Hao hawamsumbui, vijana watacheka chochote. Ila msikitini hakuna aliyemwuliza kitu. Wanamwamkia, wanampisha, na hawamwulizi.

"Walinitoa mbele ya watu," akasema. "Wanirudishe mbele ya watu wale wale. Na aseme yeye, kwa mdomo wake."

Nikamwambia hawatafanya hivyo. Nikamwambia ana wajukuu wanaomtegemea, na kwamba meneja wa aina ile angekubali kuacha kazi kuliko kusimama jikoni na kusema amekosa. Mimi, mwenye hasira zangu zote, nilikuwa namshauri mtu apitie lango la nyuma.

"Basi nitakaa," akasema, akanisogezea sukari.

Karakanani nilikuta nimeitwa kwenye kikao. Mashtaka yalikuwa gari, lugha niliyomtolea mteja, na misumari. Hicho ndicho kikao cha chai ya katibu. Kabla ya kugonga meza nilisema jambo moja la maana: kwamba mtu wa watu amenuswa kwa jina la kampuni yetu, kwa maneno ambayo fundi wetu hakuyasema, na kwamba bosi asipompigia simu mwenye hoteli huko Nairobi kumweleza hivyo, nitampigia mimi. Bosi alinijua. Alipima ni simu ipi itakayomtia aibu zaidi, akapiga yeye.

Kisha kukawa kimya, wiki baada ya wiki. Nilijiambia kwamba tumeshindwa. Mzee atakaa nyumbani na haki yake, hoteli itaajiri mwingine, na chupa zitakuwa na joto lake sawasawa. Mtu huchafuliwa mjini kwa uvumi kwa siku moja, na kusafishwa kwake kunafanywa kimya kimya, kupitia lango la nyuma, kana kwamba ni hisani. Nilikuwa na hasira hata wakati wa kula.

Siku moja nilikuwa Gakindu, kichwa changu kikiwa ndani ya friji ya bucha, simu ikalia. Alikuwa Mzee Yusuf.

"Fundi, nimerudi kazini."

Nikamuuliza kwa lango gani.

"La mbele. Wameitwa wote jikoni. Wapishi, wahudumu, yule binti Muthoni, hata watu wa bustani. Meneja akasimama pale pale."

"Akasema?"

"Akasema. Kwamba sikufungua chupa, kwamba ilikuwa mashine, na kwamba alinikosea heshima. Lakini alisema kwa sauti ndogo, fundi, anaangalia viatu vyake."

Hasira zilikuwa zimeanza kunipanda. Nikamuuliza alifanya nini.

"Nikamwambia wa nyuma hawajasikia."

Nyuma yake nilisikia sufuria zikigongana, na mtu akimwita baba, akiuliza chumvi iko wapi. Alimjibu kwanza huyo, bila haraka, kisha akarudi kwangu.

"Akarudia," akasema.